Mpimaji wa Wiski za Nyumbani

Nchi yetu ina jina refu na zuri, lakini sheria inataka mtu alitaje akiwa amesimama, na mimi kwa sasa nimekaa. Magoti yananiuma. Miaka kumi na tisa napanda ngazi za watu, nashuka ngazi za watu, naonja wiski za watu. Kwa hiyo mniwie radhi, nitasema nchi yetu tu, na anayetaka kusimama asimame mwenyewe.

Naitwa Teofili Ndimbo, Mpimaji Daraja la Tatu, Idara ya Ukarimu wa Nyumbani. Nasimulia habari ya Mzee Gervas Lukonge kwa sababu watu wanaisema vibaya huko mitaani. Wanasema serikali ilimwonea. Haikumwonea. Kila kitu kilifuata utaratibu, na fomu zote ninazo.

Mambo yalianza miaka thelathini na moja iliyopita, nchi yetu ilipoomba mbolea kwa taifa moja rafiki, na taifa rafiki likatuletea meli nzima ya wiski. Kiongozi mdogo angelalamika. Mtukufu wetu alipanda jukwaani pale bandarini akatangaza kwamba hiyo ndiyo hasa tuliyokuwa tumeiomba. Alihutubia saa nne juani. Alisema nchi isiyo na kitu cha kummiminia mgeni ni nchi inayojiaibisha mbele ya historia, na tangu siku hiyo kila mtumishi wa umma atapewa chupa moja, yenye jina lake, akae nayo kabatini sebuleni. Watu walipiga makofi. Waliokuja na magunia ya kubebea mbolea waliyakunja wakarudi nayo makwao.

Ndipo ikatungwa Sheria ya Ukarimu wa Nyumbani. Ni sheria fupi, ina vifungu vitatu. Chupa isiwe tupu, maana hiyo ni dharau kwa serikali. Chupa isikae bila kumiminwa mgeni wa serikali anapofika, maana huo ni uchoyo. Na mwenye nyumba haruhusiwi kuonja hata tone mpaka Mpimaji awe ameonja kwanza na kugonga muhuri. Wiski nyingine itapatikana wapi, hilo sheria haikulisema, na meli haikurudi tena.

Sasa fikirieni wenyewe. Jumatatu anakuja bwana ustawi, anamiminiwa. Jumatano anakuja bwana afya na shemeji yake, wanamiminiwa. Ijumaa chupa ina kidole kimoja, na kesho yake ni ukaguzi. Mwenye nyumba alifanyaje? Mimi sijui, sikuwepo. Ninachojua ni kwamba Jumamosi chupa ilikutwa imejaa hadi mabegani, rangi ileile ya kahawia, na kwamba mwaka ule majani ya chai yaliadimika madukani kuliko sukari.

*

Mimi niliajiriwa baadaye sana. Wiski ya kwanza kuionja maishani mwangu niliionja darasani, chuo cha Idara, mbele ya mkufunzi aliyevaa koti jeupe. Ilikuwa baridi, na ukakasi kidogo ulimini. Nikaona inafanana mno na chai ya rangi ya shangazi yangu ikishapoa. Nikanyoosha kidole kuuliza.

"Ndimbo," mkufunzi akasema, "wewe unasomea daraja gani?"

"La tatu, mwalimu."

"Mambo ya kufanana hushughulikiwa na Daraja la Kwanza."

Sikuuliza tena. Nilikuwa na mke na mimba ya kwanza, na kazi zilikuwa za shida. Nikakariri Mwongozo kama wenzangu. Mwongozo unasema wiski halisi ni ya kahawia, haina povu, haina harufu kali, na haimchomi mnywaji popote. Ikiachwa kwenye glasi siku mbili hufanya utando juu. Chembe nyeusi zikionekana chini ya chupa, ni dalili ya ukomavu, na mwenye nyumba apongezwe.

Tulifundishwa pia kumimina. Kipimo cha nchi yetu ni vidole viwili, na ili pasiwe na ubishi kuhusu vidole vya nani, kila Mpimaji hubeba vidole viwili vya mbao, vilivyochongwa kwa kufuata vya Mheshimiwa Kamishna Pankrasi Lihundi, ambaye ni mtu mnene. Unavilaza kando ya glasi, unamimina mpaka juu ya kidole cha pili. Barafu ikiwepo ni mbili, karanga ni za kukaanga, na kitambaa cha mezani kiwe cha kufumwa kwa mkono.

Halafu kuna kulewa. Kulewa kuna jedwali lake. Glasi ya kwanza, mgeni wa serikali husema "Aisee, inashuka," na kufumba macho. Ya pili, hulegeza tai. Ya tatu, huruhusiwa kusema ukweli, sentensi mbili, zisizohusu bajeti. Ya nne huimba. Nimewaona mabwana wazima wakishikwa mkono kupelekwa garini baada ya glasi nne, miguu inapishana, kisha mlango wa gari ukifungwa wanakaa sawasawa na kuuliza ratiba ya kesho. Mimi mwenyewe nimelewa hivyo mara elfu kadhaa. Mtu huchoka. Ukifika nyumbani jioni mke anakuuliza kama utakunywa chai, unatamani kulia.

*

Mzee Gervas alikuwa bwana stesheni. Alipewa chupa yake pamoja na wenzake wote, akaenda nayo kwenye stesheni ndogo porini, stesheni ambayo treni iliacha kupita mwaka wa pili baada ya yeye kufika. Hakuna aliyemwandikia kwamba treni haiji tena. Aliendelea kufagia jukwaa na kutoka na bendera yake kila saa sita na robo mchana. Na kwa kuwa treni haikuja, mgeni wa serikali naye hakuja, na kwa kuwa mgeni hakuja, sheria ilimkataza kuifungua ile chupa. Mzee Gervas hakuifungua. Kuna watu wa namna hiyo, na sijui nani huwazaa.

Alipostaafu alipewa nyumba namba kumi na nne kwenye kota za wastaafu hapa mjini, yeye na mkewe, Mama Adelina. Nyumba ya serikali, vyumba viwili na jiko. Nilifika asubuhi moja ya Jumanne, nyumba ya tatu kwenye orodha yangu.

"Shikamoo mzee. Idara ya Ukarimu."

"Marahaba, marahaba! Karibu kijana!" Nina miaka hamsini na mbili. "Adelina! Amekuja! Mgeni amekuja!"

Alikuwa amevimba miguu na kifua kinamsumbua, kila maneno manne anapumzika. Lakini alikataa katakata kumiminiwa na mtu. Aliinuka mwenyewe kwenye kiti, akaenda kabatini, akaichukua chupa kwa mikono miwili. Mama Adelina alitandika kitambaa. Glasi tatu zilitoka kwenye karatasi za gazeti la zamani, ndogo, zenye ukingo wa dhahabu, na hazikuwahi kutumika.

"Tatu, mzee?" nikauliza. "Sheria inasema..."

"Naijua sheria. Wewe kwanza. Ukishagonga muhuri, moja yangu, moja ya mama yenu." Akapumzika. "Unajua, kijana, daktari ameniambia nisipange mambo ya mwakani. Sawa. Mimi sina shida na mwakani. Nataka hii glasi tu, na huyu, hapa mezani. Nimemweka porini miaka yote ile hana hata jirani wa kumwazima chumvi. Nilimwahidi tutakuja kuinywa kama watu."

"Ameanza," Mama Adelina akasema, lakini alikuwa amevaa kitenge kipya.

Kifuniko kilipozungushwa kililia krak. Miaka kumi na tisa kazini, sijawahi kusikia chupa ikilia hivyo. Nikalaza vidole vya mbao, mzee akamimina mpaka juu ya kidole cha pili, wala hakumwaga tone. Nikafumba macho kama kawaida, nikapiga funda kubwa kama kawaida.

Jamani! Moto. Moto mtupu, kuanzia ulimini mpaka tumboni. Nilikohoa mpaka miwani ikaanguka. Machozi yalinitoka, kamasi zikanitoka. Mama Adelina alinipiga mgongo. Mimi ni mtu wa kazi, nikasema labda nimekosea, nikapiga funda la pili nihakikishe. Likashuka vilevile. Kisha pale kifuani kikatulia kitu cha joto, na magoti yangu, Mungu ni shahidi, yakaacha kuuma.

"Vipi?" Mzee Gervas akauliza. Alikuwa ameshashika glasi yake, tupu, ananitazama.

Nikafungua Mwongozo. Inachoma. Ina harufu kali. Haina chembe chini. Nikamwangalia yule mzee, nikaangalia fomu. Sikugonga muhuri. Nikaandika: "Inashukiwa kuwa bandia," nikafunga chupa kwa utepe wa Idara, nikaaga. Njiani nilicheka peke yangu mara mbili na kumsalimia mwembe. Hayo nayo niliyaandika kwenye ripoti, kama dalili za sumu.

*

Huo ndio wajibu, na mngetaka nifanye nini? Lakini usiku sikulala vizuri, maana nilijua kifungu cha Mwongozo kinachofuata. Mwenye wiski bandia hutolewa kwenye nyumba ya serikali ndani ya siku saba. Nilikuwa nimewaandikia wazee wawili, mmoja hawezi kutembea, watafute pa kwenda. Niliona aibu. Niliona aibu kweli, na asubuhi nikavaa tai nikapeleka ripoti.

Makao makuu yalitikisika. Wiski bandia haijapatikana nchini tangu Idara ianzishwe. Mtukufu hulitaja jambo hilo kila mwaka kwenye sherehe. Vikao vikakaliwa. Ijumaa saa nne asubuhi Mheshimiwa Kamishna Lihundi mwenyewe alifika nyumba namba kumi na nne, na mwanasheria, na karani wa kumbukumbu, na mimi nyuma nimebeba sinia.

Mzee Gervas hakuweza kuinuka tena. Alikuwa chumbani, mlango umerudishwa, tunamsikia anavyovuta pumzi. Mama Adelina alitupokea peke yake. Alikuwa na kitenge kilekile.

"Shikamooni. Karibuni. Mume wangu anaomba radhi."

"Mama," Kamishna akasema, akiwa bado mlangoni, maana hotuba zake huanzia mlangoni, "serikali haikuja hapa kama askari. Imekuja kama mgeni. Lakini mgeni aliyeumizwa koo! Nchi iliyolea watoto wake kwa ukarimu uliothibitishwa haiwezi kulala wakati kabati moja, kabati moja tu, linamgeukia mgeni na kumchoma!"

"Karibu ukae, mheshimiwa," Mama Adelina akasema.

Akakaa. Utepe ukakatwa. Vidole vya mbao vikalazwa pembeni ya vidole vyenyewe, vikalingana. Kamishna akainua glasi, akafumba macho, akanywa.

Hakukohoa. Nilikuwa nimesimama karibu naye na kitambaa tayari, hakukohoa. Alikaa na ile glasi mkononi, macho yamefumbwa, mpaka mwanasheria akaanza kuangalia saa. Alipofungua macho yalikuwa mekundu.

"Tokeni," akasema polepole. "Wote. Ndimbo abaki."

Mama Adelina akaenda chumbani kwa mumewe, mwanasheria na karani wakatoka kwenda barazani.

"Ndimbo, umeandika inachoma. Inachoma wapi?"

"Kooni, mheshimiwa. Halafu inatulia kifuani. Halafu magoti yanapona."

"Ndiyo," akasema. "Magoti." Akajimiminia tena, bila vidole. "Mimi ndiye niliyezigawa, unajua? Nilikuwa karani wa ghala, bandarini. Jioni ya siku ya kwanza tulifungua moja na vijana wenzangu. Nilikuwa na miaka ishirini na minne." Akanywa. "Nilidhani nimesahau."

Mwongozo hauna ukurasa huo.

"Chupa zote nchini ni ngapi?"

"Laki mbili na elfu kumi na nne, mheshimiwa. Zote zimethibitishwa."

"Na nikisema hii ni halali?"

Nilifikiri, ingawa mimi ni wa Daraja la Tatu. Nikayaona yale makabati yote, na mihuri yangu yote, na mabwana wanaoimba glasi ya nne. Nikamwona Mtukufu na chupa yake ya dhahabu, ambayo huonjwa na Kamishna mwenyewe kila sikukuu, na kila sikukuu Kamishna husema inashuka.

"Sijui, mheshimiwa," nikasema.

"Unajua," akasema, wala hakuwa na hasira. Alikuwa mzee tu aliyechoka, tai imelegea kweli. Akaizungusha ile glasi kidogo, akaimaliza. "Waite."

*

Uamuzi aliutoa amesimama, na sauti yake ilikuwa imerudi yote. Alisema Idara imeonja kwa niaba ya taifa. Alisema haiwezekani makabati laki mbili yakakosea na kabati moja likapatia, kwa hiyo kimiminika hiki ni bandia, ni hatari kwa umma, na kitachukuliwa kama kielelezo, ambacho kitahifadhiwa nyumbani kwake kwa sababu za kiusalama.

"Hata hivyo," akasema, "serikali ni mzazi. Mama, ukileta wiski halisi ndani ya nusu saa, nyumba ni yako."

"Nitaitoa wapi, mheshimiwa?"

"Jikoni kwako kuna moto?"

"Kuna mkaa."

"Na majani yapo?"

Mama Adelina akamtazama. Akamtazama mwanasheria, ambaye alikuwa anasoma dari. Akanitazama mimi, na mimi nikaangalia sinia. Nadhani ndipo alipoelewa yote, nchi nzima, pale pale amesimama.

"Ichukueni," akasema. "Lakini niachieni glasi moja. Moja tu, ya yule aliyelala mle ndani. Ameingoja miaka thelathini na moja. Hata hajui inanukaje."

"Kielelezo hakigawanywi, mama."

Kwenye sinia langu kulikuwa na glasi iliyomiminwa pamoja na ya Kamishna, vidole viwili kamili. Ilikuwa ya Mpimaji, ya kuthibitisha mara ya pili, fomu namba sita. Ningeweza kuisogeza nyuma ya kabati. Ningeweza kujikwaa. Kamishna alikuwa anafunga chupa kwenye gazeti, hakuna aliyekuwa ananiangalia isipokuwa Mama Adelina. Niliinywa. Fomu ilitaka niinywe, nikainywa mbele ya macho yake mpaka ikaisha, na ilikuwa tamu kuliko ya kwanza.

Mama Adelina akageuka. Akaenda jikoni, tukasikia sufuria.

Wakubwa hawakungoja. Kamishna alitoka na gazeti lake kwapani, anatembea kwa uangalifu sana, akaniachia muhuri. Baada ya robo saa Mama Adelina alikuja na jagi alilolichovya kwenye maji baridi, akanimiminia. Nikalaza vidole vya mbao. Kahawia. Haina povu. Nikaonja.

"Inashuka," nikasema, nikagonga muhuri. Nyumba namba kumi na nne ikawa yao.

"Adelina!" sauti ikatoka chumbani. "Wameondoka? Wamesemaje?"

"Wameikubali," Mama Adelina akajibu. Akachukua glasi mbili za ukingo wa dhahabu, akamimina. Kabla hajaingia alinigeukia. "Njoo, baba. Wewe ndiye mwenye muhuri."

Nikaingia. Mzee Gervas alikuwa ameinuliwa na mito miwili, amenyoa ndevu. Alimngoja mkewe akae kwanza kitandani kando yake. Wakagonganisha glasi. Akainusa, akanywa funda dogo, akalishikilia mdomoni, akameza. Akanywa tena.

"Kijana," akasema, "wewe ndiye mtaalamu. Hii ndiyo wiski yenyewe?"

Mama Adelina alikuwa anaangalia dirishani.

"Ndiyo, mzee," nikasema. "Halisi. Nimeigongea muhuri."

"Umeigongea muhuri." Akaiinua ile glasi kwenye mwanga, akaitazama upande huu na upande ule. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani kifua kimembana, kumbe anacheka. Alicheka mpaka mkewe akamshika mgongo.

"Adelina, umesikia? Kumbe kule porini tulikuwa tunainywa kila asubuhi!" Akamnyooshea glasi. "Basi niwekee sukari, mama. Mimi nimeizoea na sukari."

Mama Adelina akaichukua glasi, akanipita mlangoni kana kwamba mimi ni kiti. Nami nikaokota vidole vyangu vya mbao mezani nikatoka. Nilikuwa na nyumba kumi na moja zaidi siku hiyo, na zote zilikuwa halali.